Uvimbe wa Jicho Ujulikane Kabla ya Kuchomwa

Uvimbe mdogo juu ya weupe wa jicho ni jambo ambalo askari hulidharau kwa urahisi. Hauumi sana, haumzuii kushika zamu, na aghalabu ni kioo cha kunyolea tu kinachomkumbusha kila asubuhi kwamba upo. Akiwauliza wenzake ataambiwa ni vumbi la barabarani, au jua la lindo, au husuda ya jirani. Na kama ni mtu wa kusikiliza habari za dunia, atakuwa amekwisha kusikia kwamba katika nchi nyingine uvimbe kama huo huondolewa kwa leza, yaani kwa mwanga mwembamba wenye nguvu, bila kisu wala mshono, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hapo huanza kuuliza leza hiyo itapatikana wapi, Bujumbura au Nairobi, na kwa fedha ngapi.

Gazeti hili halina ugomvi na leza. Ugomvi wetu ni juu ya mpangilio wa maswali. Swali la chombo gani kitumike ni la pili. La kwanza ni hili: hicho kilichoota juu ya jicho ni kitu gani? Katika nchi zilizo karibu na ikweta, na Burundi ni mojawapo, jibu la swali hilo laweza kuamua kama mtu atabaki na jicho lake au atalipoteza, na pengine apoteze na maisha.

Leza si ngeni kwa wanajeshi. Chombo cha kwanza cha aina hiyo kiliwashwa na mwanafizikia Theodore Maiman huko California, Marekani, mwezi Mei 1960, na haikupita miaka mingi kabla ya majeshi na madaktari kukichangamkia kwa pamoja. Majeshi yaliitumia kupimia umbali wa shabaha na kuongozea makombora. Madaktari wa macho nao waliona kwamba mwanga huo waweza kupita katika kioo cha jicho bila kukijeruhi, ukaenda kuunguza mahali wanapotaka nyuma ya jicho. Hadi leo hutumika kuziba mishipa inayovuja damu katika macho ya wagonjwa wa kisukari, na kupasua utando unaotanda baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Uwezo huo huo ndio uliotia mataifa hofu, hata mwezi Oktoba 1995, mjini Vienna, yakakubaliana kupiga marufuku silaha za leza zilizobuniwa makusudi kupofusha watu. Askari anayeifahamu habari hiyo hana haja ya kuelezwa kwamba mwanga huu ni dawa mkononi mwa anayejua anachokilenga.

Sasa tuutazame uvimbe wenyewe. Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba ung'aao, ambao pia umetanda ndani ya kope. Utando huo ukichubuliwa na mchanga, ukipigwa na tawi, ukikatwa wakati wa upasuaji, au ukiandamwa na maradhi ya muda mrefu kama trakoma, chembe zake chache za juu huweza kuzikwa chini wakati kidonda kinapofunga. Chembe hizo zilizozikwa hazifi. Huendelea kutoa maji kama ilivyo kawaida yake, na kwa kuwa maji hayana pa kutokea, hujikusanya katika kifuko kidogo chenye ukuta mwembamba, angavu kama tone la umande. Wako pia wanaozaliwa nacho. Kifuko cha namna hii hakina madhara makubwa. Humkwaruza mtu anapopepesa jicho, humkera kwa sura yake, na mara nyingi daktari humshauri akiache. Kukitoboa kwa sindano hakusaidii sana, kwani maji hutoka na ukuta hubaki, na baada ya muda kifuko hujaa tena. Tiba ya uhakika ni kukitoa kizima pamoja na ukuta wake. Leza hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine: huunguza ukuta mpaka maji yatoke na kifuko kisinyae. Madaktari walioijaribu wameeleza kuwa ni njia ya haraka, isiyomwaga damu nyingi, na ganzi yake ni matone tu. Hatuna sababu ya kuwabishia, maadamu walichokichoma kilikuwa kifuko cha maji kweli.

Hapo ndipo penye shaka. Kati ya vitu viotavyo juu ya jicho, kipo kimoja ambacho Afrika Mashariki inakijua kuliko sehemu nyingi za dunia, nacho ni saratani ya utando wa jicho. Huanza kama kitu cha kupuuzwa: kijinundu chekundu kidogo, au cheupe kama ukoko, aghalabu katika mpaka ambapo weupe hukutana na kioo cha jicho, pale pale ambapo kope zikiwa wazi haziwezi kukinga jua. Mwaka 1996 jarida la tiba la Lancet lilichapisha hesabu za watafiti waliolinganisha nchi kwa umbali wake kutoka ikweta. Nchini Uganda walikuta wagonjwa zaidi ya 12 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Nchini Uingereza hawakufika hata 0.2. Kwa kila nyuzi 10 za kuiacha ikweta, ugonjwa ulipungua kwa karibu nusu. Gitega ipo nyuzi 3 na nusu hivi kusini mwa ikweta, na Muyinga ipo karibu zaidi. Tena miji hiyo yote miwili ipo juu, kiasi cha meta 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na ile miale ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila meta 1,000 mtu anazopanda. Ubaridi wa asubuhi ya Gitega humdanganya mtu. Ngozi huona raha, ilhali jicho linapigwa.

Hesabu hiyo yamhusu askari kuliko raia wengi. Mkulima huweza kujipumzisha chini ya mgomba jua linapokuwa utosini. Askari wa kizuizi cha barabarani hana ruhusa hiyo. Polisi wa Kobero, mpakani na Tanzania, husimama kati ya jua na vumbi la malori kutwa nzima, na wanajeshi wa Burundi waliotumwa Somalia kuanzia mwaka 2007 walilinda njia na majengo chini ya jua la pwani lisilo na kivuli. Hatusemi kwamba kila aliyesimama juani atapata saratani ya jicho. Walio wengi hawataipata. Tunasema kwamba kazi hii inamweka mtu katika kundi ambalo halina haki ya kudhani tu kwamba uvimbe wake ni maji.

Lipo na jambo la virusi vya UKIMWI, ambalo hatutalipitia pembeni. Mwaka 1995 Dk. Christopher Ateenyi-Agaba wa Kampala alieleza katika jarida hilo hilo kwamba kati ya wagonjwa 48 wa saratani hii aliowachunguza, asilimia 75 walikuwa na virusi hivyo, ilhali katika watu aliowalinganisha nao ilikuwa asilimia 19. Kinga ya mwili ikidhoofika, chembe zilizoharibiwa na jua hazina wa kuzizuia. Ndiyo sababu katika ukanda wetu saratani hii haiwangoji wazee kama inavyofanya Ulaya. Huwapata watu wa umri wa kazi, wanaume kwa wanawake. Twafahamu kwamba kwa askari fulani habari hii yaweza kuwa sababu ya kulificha jicho lake, kwa kuogopa kunyoshewa kidole bwaloni. Basi na ieleweke kwamba wako wagonjwa wa saratani hii wasio na virusi kabisa, na kwamba uvimbe wa jicho si cheti cha kipimo cha damu cha mtu yeyote. Anayepimwa akakutwa navyo, zipo dawa zinazomwezesha kuendelea na kazi, na majibu ni siri yake na daktari wake. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika maradhi haya, kabla ya kifo huumbua jicho, kwa sababu uvimbe ulioachwa ukapenya ndani humlazimisha daktari kuling'oa jicho zima, na wakati mwingine nyama zote za tundu lake.

Je, daktari hawezi kuutambua kwa kuutazama? Huweza kushuku, na shuku yake ina thamani. Uvimbe angavu, unaochezacheza pamoja na utando, ulio mbali na kioo cha jicho, ambao haujakua kwa miezi mingi, humtuliza. Uvimbe unaogusa kioo cha jicho, wenye mishipa minene ya damu inayoulisha, wenye ukoko mweupe au rangi ya kahawia, unaokua kwa majuma, au uliowahi kukatwa ukarudi, humtia wasiwasi. Lakini hata bingwa mwenye taa nzuri hukosea, na kauli ya mwisho ni ya hadubini. Kipande kilichokatwa hutiwa katika kichupa chenye dawa ya fomalini, hupelekwa maabara, na huko mtaalamu hutazama chembe zake moja moja. Leza inayochoma haiachi kipande cha kutosha kutazamwa. Mpelelezi wa polisi atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu yeyote: huwezi kupachoma moto mahali pa tukio, kisha ukauliza ni nani aliyekuwapo.

Mtuhumiwa mwingine ni mgeni asiyetazamiwa jichoni, naye ni tegu wa nguruwe. Mnyoo huyu anaijua Burundi vizuri. Uchunguzi uliofanywa Kiremba, katika eneo la Ngozi lililo jirani na Muyinga, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa mabuu yake ni sababu kubwa ya kifafa katika eneo hilo. Mabuu hayo hujifungia ndani ya vifuko vya maji popote damu inapoyapeleka: katika nyama, katika ubongo, na mara nyingine chini ya utando wa jicho, ambapo kifuko huonekana kama uvimbe wa kawaida wenye wekundu kuuzunguka. Wengi hudhani kwamba asiyekula nguruwe yu salama. Si hivyo. Alaye nyama ya nguruwe isiyoiva humpata tegu tumboni; lakini vifuko vya mwilini huletwa na mayai ya tegu, ambayo hutoka katika kinyesi cha mtu aliye naye na kufika kinywani kwa mikono michafu, kwa maji au kwa mboga zisizooshwa. Kwa hiyo Mwislamu wa Muyinga ambaye hajaonja nguruwe maishani mwake aweza kuwa nacho jichoni, ikiwa mpishi wa kambi hanawi mikono. Kifuko cha tegu kikipasuliwa kwa leza au kwa sindano, yaliyomo humwagika na jicho huweza kuvimba vibaya. Hutakiwa kitolewe kizima, na mwenyewe achunguzwe kichwa na ndani ya jicho kabla ya kupewa dawa ya minyoo, kwa maana dawa hiyo ikiua mabuu yaliyo ubongoni au ndani ya jicho bila uangalizi, madhara yake huwa makubwa kuliko ugonjwa.

Twarudi basi kwenye kisu, chombo ambacho sifa zake hazitangazwi na mtu. Upasuaji wa uvimbe ulio juu ya jicho ni mdogo. Hufanywa kwa ganzi, chini ya hadubini ya upasuaji, na mgonjwa huenda nyumbani siku hiyo, sawasawa na yule wa leza. Tofauti ni kwamba kipande hubaki. Na ikiwa maabara itasema ni saratani, ipo tiba ya kufuatia ambayo haikubuniwa mbali nasi. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2014 Dk. Stephen Gichuhi na wenzake, katika kliniki nne za macho nchini Kenya, waliwagawa wagonjwa 98 waliokwisha kukatwa uvimbe katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa matone ya fluorourasili, ambayo ni dawa ya zamani ya saratani, mara nne kwa siku kwa majuma manne. Kundi la pili lilipewa matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja uvimbe ulikuwa umewarudia watu 5 kati ya 47 wa kundi la kwanza, na 17 kati ya 47 wa kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Hayo ni matone, si mtambo. Hayahitaji umeme usiokatika wala fundi wa kuitwa kutoka ng'ambo.

Tunaloliomba, basi, si leza kwa kila hospitali. Twaomba njia iliyo wazi kutoka kituo cha afya hadi kwa mtu mwenye taa ya kuchunguzia macho, na kutoka kwake hadi maabara na kurudi. Katika eneo la Gitega, Hospitali ya Kibuye ina idara ya macho. Mwanajeshi ana mlango mwingine katika Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge, Bujumbura. Aliyepo Muyinga ana safari ndefu zaidi, na ndiye anayestahili kufikiriwa kwanza. Na asiseme mtu kwamba nchi hii haiwezi kupanga mambo ya macho. Trakoma, iliyokuwa ikikwaruza na kupofusha macho ya watu wa vijijini, ilipimwa kuanzia mwaka 2009, ikapigwa vita katika wilaya 12 za afya kwa dawa, kwa upasuaji wa kope, kwa maji na kwa usafi, hata mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Burundi imeitokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Kazi hiyo ilifanywa kwa vidonge, ndoo na daftari.

Wakuu wa vikosi nao wanalo fungu lao. Askari aliyepewa barua ya kwenda kwa daktari wa macho asiambiwe asubiri zamu ziishe, kwani saratani haina zamu. Miwani myeusi ya jua kizuizini isihesabiwe utovu wa heshima. Ihesabiwe vifaa vya kazi, mradi iwe ile inayochuja miale kweli, si kioo cheusi cha sokoni ambacho hupunguza mwanga tu na kumwachia mtu miale yake. Kofia yenye ukingo mpana ni bora kuliko bereti kwa mtu wa barabarani, hata kama bereti hupendeza zaidi kwenye gwaride. Na waganga wa vichochoroni wanaokwangua macho ya watu kwa wembe, au kuyatia majani, wasipewe nafasi ya kuingia kambini.

Askari mwenyewe, anapotoka chumba cha upasuaji, aulize maswali mawili: kipande changu kimepelekwa maabara gani, na majibu yatarudi lini? Kama hakuna kipande kilichopelekwa, aulize kwa nini. Majibu yakirudi, achukue nakala, aitunze pamoja na vyeti vyake vya kazi, kwa sababu katika utumishi huu aliyekatwa uvimbe Gitega mwezi huu aweza kuhamishiwa Kobero mwezi ujao, na daktari atakayemwona huko hataweza kujua kilichokuwapo juu ya jicho lile isipokuwa karatasi hiyo imwambie. Kamanda mpya naye apewe tarehe za kurudi kliniki, hata kama majibu yalikuwa mema. Uvimbe wa saratani, ukirudi, mara nyingi hurudi katika mwaka wa kwanza.